Aliyetarizi Nyota ya Nane

Kabla hujagusa kitambaa chake, ulinawa. Si kunawa kwa kulowesha vidole na kujipangusa kwenye kitenge. Ulinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mbele yake, na ukimaliza ulinyoosha mikono aione pande zote mbili. Mji wetu wa Goma umejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na vumbi lake ni jeusi pia, linaingia mpaka ndani ya kucha. Yeye alifanya kazi kwa kitambaa cheupe. Miaka yote niliyomjua alipigana na vumbi hilo kwa beseni moja la plastiki na kipande cha sabuni, na sikumbuki hata siku moja likimshinda.

Sisi tuliojifunza kwake tulimwita Mwalimu. Majirani wa mtaa wetu wa Mapendo nao walimwita hivyo hivyo, hata wale ambao hawakujua anafundisha nini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimisha umsogelee ili umsikie, na ukishamsogelea alikuwa ameshakushika. Kazi iliyomfanya ajulikane ni moja: vitambaa vya katikati ya meza, vya Noeli, vilivyotariziwa kwa uzi wa rangi na kupambwa kwa vijiwe vya kioo. Kitambaa chenyewe si kikubwa. Hakifuniki meza yote. Kinakaa katikati, pale inapowekwa sahani kubwa ya wali au mshumaa. Lakini nimeona watu wakiingia kwenye sebule yenye kitambaa chake mezani, wakasahau kusalimia.

Nilikwenda kwake nikiwa na miaka ishirini na minne na mtoto mgongoni. Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye migodi, akanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Mwalimu habari hiyo yote, nimeipanga njiani maneno kwa maneno, lakini hakuniuliza. Alinipa sindano, uzi mwekundu na kipande cha shuka kuukuu, akaniambia nishone mstari. Nikashona. Nikaona umenyooka vizuri, nikampa.

“Geuza,” akasema. “Nione mugongo.”

Hakuwa ameutazama upande wa mbele hata kidogo. Upande wa nyuma ulikuwa umejaa mafundo na nyuzi zilizorukaruka huku na huku. Aliutazama muda mrefu, kisha akachukua mkasi na kuufumua mstari wote, mshono mmoja mmoja, bila hasira, akanirudishia kitambaa na uzi uleule. Nilishona mistari kwa miezi miwili. Nilimchukia kidogo, nakiri. Halafu siku moja aligeuza kitambaa changu, akakirudisha bila kusema neno, akaniletea karatasi ya ua la kwanza.

Michoro yake aliitoboa kwenye karatasi kwa sindano, tundu kwa tundu, akaiweka juu ya kitambaa na kuisugua kwa unga wa chaki ya buluu. Ukiinua karatasi, nyota ilikuwa imelala pale chini kama vitone vya buluu, hafifu, kitu cha kupeperushwa kwa pumzi. Kwa hiyo tulishika pumzi. Hata wakati wa kuzungumza chumbani mle tuligeuza nyuso pembeni. Alifanya kazi mlangoni, kwenye mwanga wa mchana tu, na jua likianza kuteremka aliikunja kazi ndani ya foronya safi, hata kama ilibaki mishono mitano kumaliza jani.

Vijiwe vya kioo aliviokota kwenye nguo. Alizunguka sokoni kwenye marundo ya nguo za chagua, zile zinazokuja zimevaliwa na watu wa mbali, akatafuta magauni ya sherehe yaliyochanika au kuungua, ambayo hakuna mtu angeyavaa tena. Akilipata gauni alilibana shavuni, akafumba macho. Wauzaji walimzoea, ila wageni walisimama kumshangaa. Alitufundisha sababu: kioo kinabaki baridi shavuni, plastiki inapata joto lako haraka. Jicho linadanganywa na vyote viwili. Nilijaribu mimi, na kwa muda mrefu sikusikia tofauti yoyote, nikadhani anajidai. Sasa naisikia, na sijui ni siku gani nilianza kuisikia.

Kila jiwe lilishonwa kwa uzi maradufu na kufungwa fundo lake peke yake. Mafundi wengine hupitisha uzi mmoja kwenye mawe kumi, wakamaliza mapema. Yeye alikataa. “Moja ikianguka,” alituambia, “zingine zisijue.”

Katika haya yote alikuwa mgumu kuliko alivyohitaji kuwa. Mwaka mmoja alimaliza kitambaa chenye nyota kumi na mbili, kazi ya miezi mitatu, akakitandika mezani kwa jirani tukitazame. Sisi tuliusifu uzuri wake. Yeye akazunguka meza mara mbili, akainama, akasema nyota moja imeegemea. Tulitazama sote. Jirani alileta rula ya mtoto wake wa shule. Hatukuona kuegemea kokote. Mwalimu hakubishana na mtu. Alikichukua, akaketi mlangoni, na mchana huo tukamwona akiifumua ile nyota yote, jiwe kwa jiwe.

Na mwanamke huyohuyo aliishi katika nyumba ambayo pazia lake lilishikiliwa kwa pini. Blauzi aliyoivaa siku za kazi ilikosa kifungo cha juu kwa miaka, na mwanafunzi mmoja alipothubutu kusema atamshonea, alimjibu kwamba blauzi haina wageni. Alikuwa na subira ya jiwe mbele ya sindano, lakini mbele ya bomba la maji, kwenye foleni, aligombana na kila mtu. Kanisani alikaa kiti cha mbele kila Jumapili, mwanamke wa sala kweli, ila siku ya ndoa macho yake hayakuwa altareni. Tulimwona mara moja akimkazia bibi arusi macho misa nzima, machozi yakimlengalenga, tukadhani anakumbuka ya kwake. Misa ilipokwisha akaenda kumpongeza, akamwambia kwa sauti ile ndogo kwamba safu ya tatu ya shanga kifuani imelegea, asicheze sana kabla haijakazwa. Bibi arusi alicheka, akacheza sana, na jioni yake watoto walikuwa wakiokota shanga ukumbini.

Ukiugua, alikuja na uji kwenye kopo, akasimama mlangoni akikulaumu kwa kuugua mpaka uumalize. Hakuwahi kuniambia pole kwa ajili ya mume wangu. Lakini kila asubuhi mwanangu alikuta kipande cha andazi kimefungwa kwenye kitambaa, juu ya kigoda alichozoea kukalia, na hakuna mtu aliyesema kimetoka wapi.

Wateja wake walikuwa zaidi familia za wafanyabiashara kutoka Butembo na Beni, Wakatoliki ambao Noeli kwao ni siku ya meza ndefu. Kabla ya kukubali kazi aliwauliza swali moja: nani atakaa kwenye hiyo meza? Si ukubwa wa meza, si rangi. Alitaka watu. Bwana mmoja alifika na gari zuri akitaka kitambaa ndani ya wiki moja kwa ajili ya wageni. Mwalimu akamwuliza ni wageni gani. Yule bwana akasema bado hajajua. Akamwambia arudi akishajua, akainamia kazi yake, na bwana akabaki amesimama na funguo za gari mkononi mpaka akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kwa hiyo alipokuja yule mama wa maharagwe, alimwuliza pia. Huyu alikuwa mjane, muuza maharagwe kwa jumla, mwanamke mnene mwenye vicheko, na mwaka huo watoto wake wote, waliotawanyika Kampala, Bukavu na Kinshasa, walikuwa wameahidi kuja Noeli kwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu wamzike baba yao. Alitaka nyota moja kwa kila mtoto. Mwalimu akamwuliza amezaa wangapi.

“Saba,” mama akasema. Kisha, akitazama mlango: “Saba walioko.”

Mwalimu aliacha kupima kitambaa. Akauliza kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake: “Na mwengine?”

Mama akajibu kwamba mwingine hakukaa. Aliishi siku tisa. Hakuna anayemtaja nyumbani, watoto wenyewe hawajui. Akacheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakitaka kutoka mahali, akasema basi, nyota saba, za dhahabu na nyekundu. Akaenda zake.

Mwalimu alitoboa karatasi ya nyota nane. Ya nane aliitarizi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na vijiwe vyake alivichagua vile visivyo na rangi yoyote, vyote kutoka gauni moja. Ukikaa mbele ya kitambaa huioni. Ukiinamisha kichwa, au mtu akipita na mwanga ukahama, inatokea. Mimi ndiye niliyeketi karibu naye wakati huo, na niliogopa. Nilimwambia mama yule hakuagiza hivyo, na mtu akifukuliwa kitu alichokizika anaweza kukasirika.

“Atanikasirikia miye,” akasema. “Hatamukasirikia mutoto.”

Vitambaa vya Noeli alivianza mapema sana, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, kwa sababu kimoja kinakula miezi. Ndivyo ilivyokuwa kwamba volkano ilipolipuka mwaka ule, kitambaa cha nyota nane kilikuwa nusu. Siku chache baadaye, ardhi ikiwa haitulii, tuliamriwa asubuhi kwamba mitaa mingi ya mji iondoke, na Mapendo ikiwemo. Barabara ya kuelekea mji mdogo wa Sake ilijaa watu, magodoro, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizopakiwa mpaka hazionekani magurudumu. Mimi nilikuwa na mwanangu na sufuria. Nilimkuta Mwalimu njiani, mikono mitupu. Nilidhani ameporwa. Akafunua kitenge kidogo akanionyesha: kitambaa amejizungushia tumboni, juu ya ngozi, ndani ya foronya yake, na kopo la vijiwe amelifunga kiunoni. Nyumba yake, sufuria zake, picha ya marehemu mumewe, vyote aliviacha. Nilimwuliza kwa nini asichukue angalau picha. Alinijibu kwamba uso wa mumewe anaujua. “Kile kitambaa,” akasema, “ni cha mutu.”

Tulikaa kwenye uwanja wa kanisa, Sake, mamia ya watu chini ya maturubai. Siku ya tatu alipata maji ya kunawa. Sijui aliyatoa wapi, sisi wengine tulikuwa tunagawana ya kunywa. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akanyoosha miguu juu ya mkeka, akaanza kushona. Ardhi ilikuwa ikitetemeka mara kwa mara. Ilipotetemeka aliinua sindano juu kidogo ya kitambaa na kungoja, uso umetulia, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Ikitulia, aliiteremsha. Watu walianza kusogea kumtazama. Hakuna aliyemsemesha. Nimefikiri mara nyingi kwa nini walikuja, watu wenye njaa na hofu, kumtazama mwanamke akishona nyota. Nadhani ni kwa sababu pale palikuwa na mtu mmoja ambaye alikuwa na hakika kwamba Noeli itafika.

Kisha likaja tetemeko kubwa, na kopo likapinduka.

Uwanja ule ulikuwa wa changarawe nyeusi. Vijiwe visivyo na rangi, vidogo kuliko punje ya mchele, vilimwagika na kupotea mbele ya macho yetu. Mwalimu hakupiga kelele. Aliweka kitambaa pembeni, akapiga magoti, akaanza kupapasa. Nami nikapiga magoti. Kisha mama mmoja aliyekuwa akitutazama akamkabidhi mwenzake mtoto, akapiga magoti. Akaja mwingine. Mzee mmoja wa Masisi, mfugaji, ambaye sikuwa nimemsikia akisema neno tangu tufike, alisimama na fimbo yake akatuambia tusipapase, tunavizamisha. Tulale chini, shavu kwenye changarawe, tutazame kuelekea jua. Naye mwenyewe, kwa umri wake, akalala chini.

Sitasahau nilichokiona nilipoweka shavu langu pale. Kila kijiwe kilikuwa kimewaka. Uwanja mzima mweusi, na ndani yake vimwanga vidogo, kimoja hapa, kimoja kule, na watu wazima wamelala kifudifudi kuvizunguka, wananong’ona: kipo hapa, kingine kile, mama usisogee, kiko karibu na goti lako. Tulivirudisha kwenye kopo kimoja kimoja. Walikuwa watu waliopoteza nyumba, na kila aliyeokota kijiwe alikileta kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama amebeba kitu cha altareni. Mwalimu alikipokea na kumshukuru kila mmoja.

Kilikosekana kimoja. Alivipanga mara tatu na mara tatu kikakosekana. Tulilala tena chini mpaka jua likageuka, hatukukipata. Nilimwambia tutatafuta gauni lingine tukirudi mjini, na nilijua atanijibu nini, kwa sababu hakuwahi kuchanganya mawe ya magauni mawili. Alifikiri. Halafu akasema, “Hii moja imebaki Sake. Acha ibakie.” Na katika ncha moja ya nyota ya nane, mahali pa jiwe, alifunga fundo tupu.

Alikuwa mtu yuleyule aliyeifumua nyota ambayo hakuna rula iliyoiona kosa. Sikumwelewa.

Tuliporudi, nyumba yake tuliikuta imesimama, na kazi ikaendelea. Wiki moja kabla ya Noeli tulikipeleka kitambaa pamoja. Mama wa maharagwe alitukaribisha kwa kelele, akafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa, akakitandika. Akahesabu nyota zake kwa kidole, akitaja mtoto kwa kila moja, saba, akapiga makofi. Alikuwa amefurahi kabisa. Kisha akainama kunyoosha ukingo, na mwanga wa dirishani ukashuka upande wake.

Aliganda vile vile ameinama. Mimi nilitazama sakafu. Nilimsikia akivuta kiti. Alipoketi, alipitisha kiganja juu ya ile nyota polepole, akarudi mwanzo, akapitisha tena, akataja jina dogo ambalo hatukuwa tumewahi kulisikia. Kidole chake kilisimama kwenye lile fundo tupu. Mwalimu akamweleza, bila kujitetea, jinsi jiwe lilivyopotea na watu waliolitafuta, akamwambia akitaka ataweka lingine.

“Hapana, Mama,” mjane akamjibu. “Liache hivyo.”

Akaingia ndani, tukadhani tumefukuzwa. Alirudi na chai. Noeli ile, nilikuja kusikia kwa binti yake mkubwa, kabla ya sala ya chakula aliwaambia wanawe kwamba walizaliwa wanane, akazima taa na kuwasha mshumaa ili waione nyota ya nane.

Siku ile, njiani kurudi, Mwalimu hakuizungumzia nyota. Alilalamika kwamba chai ilikuwa na sukari nyingi.

Miaka imepita. Mji wetu umeona mengine, ambayo kila aliye hapa anayajua. Vidole vya Mwalimu vilivimba kwenye viungo, sindano ikawa inamponyoka, akafunga mafunzo na kwenda kukaa kwa binti wa dada yake. Mimi nina chumba changu cha kushonea karibu na soko la Kituku, na wanafunzi watatu ambao bila shaka wananichukia kidogo. Nilikuwa nikimtembelea, kisha nikawa namtembelea kwa nadra, kama inavyotokea.

Mwaka huu, mchana mmoja, nilipeleka kitambaa cha altare kwenye paroki. Ukumbi wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na wanawake kama kumi na tano kwenye mabenchi, wengi wao wauza samaki na mboga, na msichana mmoja ubaoni akiwafundisha kusoma na kuandika. Kwenye benchi la pili, na daftari jipya mbele yake, alikuwa Mwalimu.

Nilisimama mlangoni nisijue la kufanya. Polepole mambo yakaanza kunijia: jinsi kila karatasi ya mteja alivyonipa mimi nisome, akisema macho yamechoka, macho yaleyale yaliyoona nyota imeegemea. Maneno ya Noeli aliyotarizi pembeni mwa vitambaa, ambayo siku zote alimwomba mmoja wetu ayaandike kwanza kwenye karatasi ili aone yanavyokaa. Alikuwa ameyachora maisha yake yote, herufi nzuri kuliko za chapa, bila kujua zinasema nini. Na sisi, tuliokaa miguuni pake miaka hiyo yote, hatukujua.

Niliingia, nikakaa kando yake, nikaanza kumsalimia. Aliweka kidole mdomoni.

“Nyamaza,” akanong’ona. “Mwalimu anafundisha.”

Msichana alikuwa anawaambia waandike majina yao, wasiharakishe. Mwalimu alishika kalamu kwa ngumi, kwa sababu vidole havikunjiki tena, akaanza. Ilimchukua muda mrefu. Wengine walikuwa wamemaliza na kuanza kuzungumza; yeye alikuwa bado, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, jasho kwenye paji la uso. Alipomaliza alisukuma daftari mbele yangu.

Lilikuwa jina ambalo sikuwahi kumwita, wala mtu yeyote wa Mapendo hakuwahi kumwita. Siliandiki hapa. Amechukua miaka yake yote kulifikia, na kuliandika ni haki yake.

“Soma,” akasema.

Nikalisoma, kwa sauti, lote, mpaka herufi ya mwisho. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akalivuta daftari karibu, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, na akalisoma mwenyewe.

“Ndiyo miye huyu,” akasema.